Chini ya Kapeti

Fundi alipiga magoti upande wa kushoto wa gari langu, akapenyeza kisu ukingoni mwa kapeti, akavuta. Kapeti halikutoka. Akavuta tena, mara hii kwa mikono miwili, likachanika kwa sauti kama ngozi inayochunwa.

"Mwalimu, nani alilitia gundi hili?"

Sikujua. Sikujua hata kwamba kapeti la gari halitiwi gundi. Akanieleza kwamba la kiwandani hulazwa tu, likabanwa ukingoni na zile plastiki za mlangoni. Ukitaka kulitoa unafungua skrubu chache, unalitoa, unalianika juani, unalirudisha. Aliyelitia gundi hakutaka litoke.

Chini ya kapeti palikuwa na sponji nyeusi iliyoshiba maji. Chini ya sponji, lami. Na chini ya lami, fundi alipokwangua kwa bisibisi, palikuwa na debe. Debe hasa, la mafuta ya kupikia, lililopasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo na kupigwa ribiti pembeni. Nusu ya maandishi yake ilikuwa bado inasomeka.

Akachomeka bisibisi pembeni mwa debe, akaliinua kidogo.

Nikaona mchanga. Mchanga wa gereji pale Barani, Malindi, na sisimizi mmoja akipita.

Hapo ndipo mama yangu huweka miguu yake.

Gari lenyewe

Ni Toyota Starlet ya 1997, lita 1.3, milango mitano, namba yake bado ile ya zamani ya KA. Nililinunua Mombasa mwaka 2018 kwa shilingi 280,000, zamu yangu ya chama pamoja na mkopo mdogo wa sacco. Naishi Shella hapa Malindi, nafundisha Gongoni. Kila asubuhi navuka daraja la Sabaki, napita Mambrui, na nikikaribia kazini naanza kuona chumvi imerundikwa vilima vyeupe, upepo wa bahari ukivuma juu yake. Jumamosi namchukua mama Mambrui, namleta kliniki.

Kwa miaka hiyo yote sifa za gari hili nilizitoa kwenye injini. Haijaniacha njiani hata mara moja. Mkanda wa taiming niliubadilisha mapema, kwa kuwa sikujua mwenyewe wa kwanza aliuacha umefika wapi. Fundi mmoja alipotaka kuing'oa themostati, akisema huku kwetu kuna joto na haina kazi, nilikataa. Injini isiyo na themostati haipati joto lake sawasawa, inakula mafuta zaidi, na siku ya kuchemka utalia. Kwenye radieta natia kulanti, sitii maji ya kisima. Nilijifunza haya moja moja, kwa kuuliza na kwa kusoma, na nikajiona mtu anayelijua gari lake.

Na linabeba. Ukivilaza viti vya nyuma na kuuinua ule mlango wa buti, magunia ya nazi yanaingia, na vitabu vya darasa zima. Nimewahi kubeba kitanda cha mtoto kutoka kwa seremala, miguu ikichungulia nje. Uzito wake haufiki hata tani moja, lakini mizigo niliyoibeba humo ukiipanga barabarani utashangaa.

Jambo moja nililikwepa kulifikiria. Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Maana yake, zimepita karibu miaka ishirini tangu Starlet ya mwisho ishuke pale Kilindini kihalali. Hizi tunazoziona ndizo zilizobaki. Bushi utapata, padi za breki utapata, plagi na mikanda vimejaa madukani Mombasa. Lakini mlango, fenda au sakafu hutoka kwenye Starlet nyingine iliyokufa, nayo huenda ilikufa kwa maradhi yale yale.

"La kuuza au la kukaa nalo?"

Fundi alifuta mikono, akaniuliza hivyo. Aliuliza kwa upole, kama mshonaji anavyokuuliza wataka mikono mirefu au mifupi.

Sikumwelewa. Akafafanua.

Kazi ya kukaa nalo ni shilingi 38,000 na wiki moja. Viti vinatoka, kapeti lote linatoka, betri inafunguliwa. Mabomba ya petroli na ya breki yanayopita chini ya sakafu yanashushwa, moto usiyafikie. Bati bovu linakatwa lote mpaka afike kwenye chuma kizima, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Halafu anakata bati jipya, analichomelea pande zote, anapiga praima na rangi.

Kazi ya kuuza ni shilingi 6,000 na mchana mmoja. Faiba na fila za kuziba tundu, lami juu, kapeti, gundi.

Nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza: gari si linatembea? Akanionyesha bolti za kiti cha mbele. Zimekaa kwenye sakafu ile ile. Akanionyesha mahali mkanda wa usalama ulipofungwa chini, pembeni mwa kiti. Gari dogo kama hili halina chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu na zile kingo za chini ya milango ndizo zinazoshika mbele na nyuma pamoja. Mkanda ukiwa mpya namna gani, nguvu zake ni za bati lililoushika.

Miaka sita nilikuwa namfunga mama mkanda. Namfunga, nauvuta kidogo kuhakikisha, nafunga mlango.

Nilirudi nyumbani, nikalala na swali lile. Karo ya kijana wangu wa sekondari ilikuwa bado, tulikuwa mwanzoni mwa muhula wa pili. Baba watoto alisikiliza mpaka mwisho, akasema gari ni langu na uamuzi ni wangu. Nilitamani angesema zaidi.

Asubuhi nikampigia fundi.

"La kuuza," nikamwambia.

Nimeandika maneno hayo mawili, nimeyafuta, nimeyaandika tena. Hayo ndiyo yaliyonikalisha wiki hizi zote. Kwa sababu siku moja, gereji fulani huko Mombasa au popote, mtu mwingine aliulizwa swali lile lile, akajibu vile vile, na jibu lake nikalikanyaga miaka sita.

Maji ya munyu

Wakati nikisubiri mnunuzi nilitaka nijue kutu ilitoka wapi. Labda nilitaka nipate wa kumlaumu.

Aliyenitangulia analo lake. Bati juu ya bati, bila kuondoa lile bovu, ni mtego wa maji. Unyevu ukiingia katikati hautoki, jua haliufikii, na kutu inakula pande zote mbili kwa utulivu. Lile debe lilificha tundu, na papo hapo likalikuza.

Lakini maji yenyewe yalitoka kwangu.

Tuna mwarubaini mkubwa uani. Naegesha chini yake kwa sababu jua la Malindi linapasua dashibodi na kufifisha rangi. Majani yake membamba huanguka kwenye ule mfereji chini ya waipa, mbele ya kioo. Mfereji una matundu ya kutolea maji ya mvua. Majani yanaoza, yanakuwa tope, yanaziba matundu, na mvua ya masika ikishuka maji yanatafuta njia ya ndani. Fundi alitoa humo viganja vitatu vya tope jeusi. Sikuwahi kufungua pale hata siku moja. Na lile bomba dogo la kutolea maji ya kiyoyozi, lililopaswa kudondoshea nje, nalo lilikuwa limeziba, likimwaga ndani, upande ule ule wa kushoto.

Miezi mitatu mama alikuwa akiniambia miguu yake inalowa garini. Nilimwambia ni jasho, mama, joto hili.

Kisha kuna Ijumaa. Kila Ijumaa jioni naosha gari. Maji ya bomba, yanayotoka Baricho, tunayaweka ya kunywa na kupikia. Gari nalioshea maji ya kisima. Mnaoishi karibu na bahari mnayajua maji ya visima vyetu: ya munyu, sabuni haitoi povu, ukiyaacha kwenye ndoo yakikauka yanabakisha ukungu mweupe. Nalimwagia maji hayo juu na chini, nasukuma mpira mpaka chini ya matairi, nikiamini namwondolea mtu wangu chumvi ya Gongoni.

Nilikuwa namwongezea.

Chuma hupata kutu kwa maji na hewa. Maji yakiwa na chumvi kazi inakwenda mbio, na chumvi huvuta unyevu hata gari likiwa limekauka kwa macho. Mafundi wote wa bodi hapa mjini wanalijua jambo hili. Mimi mwalimu wa sayansi nalifundisha darasani kwa misumari na chupa: mmoja kwenye maji matupu, mmoja kwenye maji ya chumvi, mmoja pakavu. Watoto wanachora jedwali. Kisha Ijumaa jioni narudi nyumbani nachota maji ya kisima.

Mwenye macho

Dalali alilitazama gari lililokwisha kutiwa fila, akazunguka mara moja, akasema litatoka kwa 220,000 bila shida. Nikamuuliza, na mnunuzi akiuliza habari ya sakafu?

"Hataulizia. Na asipouliza, wewe hukusema uongo. Mwenye macho haambiwi tazama, mwalimu."

Methali hii naipenda. Nimewaambia watoto mara nyingi, wanaponiuliza jibu lililo ubaoni mbele yao. Kwa siku kadhaa niliishikilia kama mtu anavyoshikilia risiti. Sikudanganya. Gari liko wazi. Mtu ana macho.

Lakini macho hayapiti kapeti. Methali inamzungumzia aliyewekewa kitu mbele akashindwa kukiona. Haimzungumzii aliyewekewa gundi. Na mimi ndiye niliyelipia ile gundi.

Chuoni, tukiwa wadogo, tulisomeshwa kisa cha Mtume na muuza chakula sokoni. Aliingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikatoka na majimaji. Akauliza, nini hiki? Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaambiwa, kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Kisa hiki nilikijua kwa moyo tangu utotoni. Kilichonishtua wiki ile ni ile mvua. Yule mtu hakuharibu nafaka yake kwa makusudi. Alinyeshewa tu, kama mimi. Makosa yalianza pale alipochagua kipi kiwe juu.

Hata hivyo sikumpigia dalali kumwambia aache. Nataka hili lijulikane. Nilifikiri yote hayo, na simu ilipolia kwamba mnunuzi amepatikana, nikasema aje.

Daraja la Sabaki

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Sikumtambua mpaka aliponiamkua.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimfundisha darasa la saba na la nane. Sasa anakaa Muyeye, anaendesha bodaboda, na mkewe amejifungua pacha. Pikipiki haibebi pacha, akasema, akacheka kwa furaha ya mtu aliyefikia jambo alilolitamani siku nyingi.

Alifungua boneti, akasikiliza injini, akavuta kijiti cha oili akakifuta na kukitumbukiza tena. Akatazama matairi. Akakaa kiti cha nyuma na kupima kwa mikono vitakapokaa viti vya watoto. Dalali akamwambia kama ana fundi wake amlete.

"Kwa mwalimu wangu nilete fundi wa nini?"

Sikusema kitu. Nikampa ufunguo ili alijaribu gari.

Tuliendesha mpaka daraja la Sabaki, yeye usukani, mimi upande wa kushoto, miguu yangu juu ya fila. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu kwa udongo wa bara. Akaegesha upande wa pili, akatoa simu ili anitumie pesa za kutangulizia. Alikuwa anaziandika namba zangu.

"Ngoja kwanza," nikasema.

Nikashuka, nikapiga magoti barabarani, nikalichokoa kapeti kwa ncha ya ufunguo. Gundi ilikuwa mpya, ilishika. Nikavuta kwa nguvu mpaka ukucha ukavunjika. Nikamwonyesha ule weusi laini.

"Hapa chini hakuna bati."

Akainama. Akabonyeza kwa kidole gumba, fila ikalia kidogo. Akakaa kimya muda mrefu, matatu mbili zikapita. Nikamweleza yote: debe, mvua, bolti za kiti, mkanda. Nilisema kwa haraka, kama mtoto anayesoma insha asije akakatizwa.

Aliponijibu hakupandisha sauti.

"Asubuhi uliponipa ufunguo, mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa. Akairudisha simu mfukoni. Tulirudi mjini polepole kuliko tulivyokwenda. Kila shimo alilikwepa, hata yale madogo, na mara mbili nilimwona akitupa jicho chini kwenye miguu yangu. Tulipofika alinirudishia ufunguo kwa mikono miwili, jinsi tulivyowafundisha kumpa mkubwa kitu.

Dalali hajapokea simu yangu tangu siku ile.

Watu wawili niliowasimulia waliniambia nilifanya vyema. Nawashukuru, lakini hawakuisikia sauti ya yule kijana. Nilimwonyesha, kweli. Nilimwonyesha baada ya kumwacha apime viti vya wanawe, aendeshe, apende, aanze kuhesabu. Kama angekuwa mtu nisiyemjua, aliyekuja na fundi wake na maneno makali, je, ningeshuka pale darajani? Nimejiuliza usiku mwingi. Jibu ninalolipata silipendi.

Juu ya mawe

Sasa gari liko Barani, juu ya mawe, halina viti wala sakafu upande wa kushoto. Naenda Gongoni kwa matatu, natoka nyumbani bado giza. Karo tumelipa nusu na mkuu wa shule ameelewa. Zile 38,000 zimefika 45,000, kwa sababu fundi alipokata bati bovu alikuta kutu imetembea mpaka kwenye ukingo wa mlango, na nikamwambia aifuate hadi inapoishia.

Jumamosi mama alikuja kliniki kwa tuktuk. Nilimwambia kwamba miguu yake ilikuwa inalowa kweli, kwamba si jasho, na kwamba nilikosea. Akasema alijua si jasho. Akaniuliza kama kapeti jipya litakuwa na rangi gani.

Jana nilipita gereji baada ya shule. Bati jipya limekwisha kuchomelewa, limepigwa praima ya kijivu hafifu, nyepesi kiasi kwamba doa dogo la kutu likitokea litaonekana siku ya kwanza. Fundi alikuwa ameshika kopo la lami, anauliza kama apake juu yake, ndivyo wengi wanavyopenda, inapendeza na inapunguza kelele. Nikamwambia aipake chini kwa nje, upande wa barabara, ndani aache hivyo hivyo.

Akalichukua kapeti, lililokuwa limeoshwa kwa maji ya bomba na kuanikwa siku mbili, akalilaza mahali pake, akaanza kulinyoosha pembe. Kopo la gundi lilikuwa karibu na goti lake.

Nikaliondoa, nikaliweka juu ya meza ya vifaa.